Kuuguza kama Kazi Yako Mwenyewe: Mwongozo kwa Anayeanza Tanga

Kwetu Tanga kumuuguza mzee ni wajibu wa ndugu kwanza, na hilo halijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba ndugu wametawanyika. Binti yuko Dar es Salaam, kijana yuko Dodoma, mwingine Maskati, na bibi amebaki Chumbageni na presha, sukari, na mguu mmoja uliogoma tangu apate kiharusi. Nyumba kama hiyo hutafuta mtu wa kukaa na mgonjwa. Humtafuta kwa haraka, kwa maneno ya mdomo, wala hakuna anayesema kazi ni ipi, inaanza saa ngapi na inaishia wapi. Haupiti muda mhudumu anafua nguo za nyumba nzima na kupikia wageni, huku mgonjwa amelalia ubavu mmoja tangu adhuhuri mpaka magharibi.

Nimeandika haya kwa yule anayetaka kuifanya kazi hii kwa kujitegemea: unaingia nyumba mbili au tatu, unalipwa kwa zamu, na unajulikana mjini kwa jina lako. Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja, nalo ni kuandika. Kazi iandikwe kabla hujaianza, siku iandikwe inapokwisha, pesa iandikwe inapoingia. Anayeandika halindi mfuko wake tu, anamlinda na mgonjwa.

Kwanza, ujue umesimama wapi kisheria

Kuna mistari miwili ya kuijua kabla ya kugonga mlango wa mtu.

Wa kwanza uko kati yako na muuguzi. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, muuguzi ni mtu aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na mwenye leseni hai. Kama wewe huna, usijiite nesi, na usikubali kuitwa nesi hata kama familia inafanya hivyo kwa heshima. Kazi yako ni kuogesha, kulisha, kugeuza, kutembeza, kubadilisha shuka na pampasi, kukumbusha dawa zilizoandikwa na daktari, kupima presha na kuiandika, kuongozana na mgonjwa kliniki, na kukaa naye. Kuchoma sindano, kuweka au kutoa mpira wa mkojo, kusafisha kidonda kirefu na kubadili dozi si kazi yako. Watu watakusukuma. Utaambiwa, "Mwanangu, si sindano ndogo tu ya sukari?" Jibu kwa upole kwamba sindano atachoma muuguzi, au ndugu aliyefundishwa hospitali, na wewe utaandika saa aliyochomwa.

Wa pili uko kati ya aliyejiajiri na mwajiriwa, na huu wengi hawaujui kabisa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinataja dalili ambazo moja tu ikiwapo, mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwake: namna unavyofanya kazi au saa zako ziko chini ya amri ya mtu mwingine, umemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, unamtegemea yeye kiuchumi, vifaa vya kazi anakupa yeye, unamfanyia kazi yeye peke yake. Saa 45 kwa mwezi ni chache sana, hazifiki hata saa mbili kwa siku. Basi kama unalala nyumba moja, unakula hapo na huna mteja mwingine, usijidanganye kwamba umejiajiri. Wewe ni mwajiriwa: dai mkataba wa ajira, likizo, na mshahara usiopungua kima cha chini kilichotangazwa na serikali. Ni haki yako, na kuiita "biashara" ni kujipunja. Ukitaka kujitegemea kweli, uwe na wateja zaidi ya mmoja, vifaa vyako, ratiba unayoipanga mwenyewe, na makubaliano ya maandishi yanayosema hivyo.

Jifunze mwili kabla ya biashara

Moyo mwema hautoshi. Anza na mafunzo ya huduma ya kwanza. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hutoa mafunzo hayo na cheti. Mgonjwa unayetarajia kumhudumia akiwa bado amelazwa hospitali ya Bombo, omba uwepo siku ya kuruhusiwa. Mwombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuoneshe kumtoa kitandani na kumweka kwenye kiti, kisha ufanye wewe yeye akiangalia. Ukiishaoneshwa mara moja na anayejua, mgongo wako utakushukuru miaka mingi.

Mambo yafuatayo uyajue kabla hujapokea shilingi ya mtu.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili anapokuwa kitandani. Kila ukimgeuza, tazama visigino, vifundo vya miguu, nyonga, sehemu ya chini ya mgongo juu ya matako, na mabega. Doa jekundu, au kwenye ngozi nyeusi doa lililokolea au lenye joto, lisilopotea baada ya kumwondoa hapo ni mwanzo wa kidonda. Usilisugue. Mtoe uzito mahali hapo na uwaarifu ndugu siku hiyohiyo.

Aliyepata kiharusi usimvute kwa mkono uliolegea hata kidogo, bega hutoka mahali pake. Kumvisha, anza na upande dhaifu. Kumvua, anza na upande wenye nguvu. Kiti kiwekwe upande wenye nguvu anapohama kutoka kitandani, fimbo ishikwe na mkono wenye nguvu, na wewe utembee upande dhaifu. Chakula kipitie upande wa mdomo wenye nguvu, mgonjwa akiwa amekaa wima, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anywapo maji, acha kumlazimisha na upeleke habari kwa daktari, maana maji yanaweza kuwa yanaingia mapafuni.

Mwenye kisukari akianza kutetemeka, kutoka jasho la ghafla na kuzungumza yasiyoeleweka, yamkini sukari imeshuka. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, subiri dakika 15, mpe tena kama hajapata nafuu, kisha ale. Akiwa hajitambui usitie kitu chochote mdomoni: mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Vilevile uso ukipinda upande mmoja, mkono ukashindwa kuinuka au ulimi ukawa mzito, andika saa ilipoanza na uondoke naye. Daktari atakuuliza saa hiyo kabla ya mambo mengine.

Kuhusu usafi: nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla na baada ya kila kazi, glovu au bila glovu. Kwa kufuta damu, mkojo au kinyesi sakafuni, Jik ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Mchanganyiko huo utengenezwe upya kila siku, tena usitumike kumwogeshea mtu.

Karatasi

Hapa nitakwenda haraka, maana kazi yenyewe ni ya kufuata madirisha. Anza na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, bila hiyo mengine yanakwama. Chukua barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa wako. Omba cheti cha tabia njema kutoka Jeshi la Polisi. Watachukua alama za vidole. Familia nyingi za Tanga hazitakiuliza, lakini kiweke mezani mwenyewe. Unaomba kuachiwa ufunguo wa nyumba yenye mtu asiyeweza kupiga kelele. Mpe ndugu yake sababu ya kulala usingizi.

Kisha TIN, namba ya mlipakodi, kutoka Mamlaka ya Mapato (TRA), haina malipo. Katika utaratibu wa makadirio kwa wafanyabiashara wadogo, mauzo ya mwaka yasiyozidi shilingi milioni 4 hayatozwi kodi ya mapato. Yakizidi hapo, anayetunza kumbukumbu hukadiriwa tofauti na asiyetunza, na kodi hulipwa kwa awamu nne kwa mwaka. Utaratibu huo hauwahusu watoa huduma za kitaalamu, kwa hiyo mweleze afisa kazi yako ilivyo, bila kujipamba kwa maneno ya kihospitali. Ukitumia jina lako halisi huhitaji kusajili jina la biashara. Ukitaka jina jingine, lisajili kwa mtandao BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Suala la leseni lipeleke ofisi ya biashara ya Halmashauri ya Jiji la Tanga na upate jibu lao kabla ya kuanza.

Mkoba

Uwe na wako. Glovu, barakoa, sabuni, taulo yako ya mikono, aproni, kipimajoto, mashine ya presha ya mkono wa juu, tochi ndogo, mkasi wa kucha, daftari na kalamu mbili. Vitu vinavyotumiwa na mgonjwa peke yake, kama pampasi, mafuta, shuka ya mpira na kipimo cha sukari na vijiti vyake, vinunuliwe na familia na vibaki nyumbani kwake. Usihamishe kipimo cha sukari kutoka mtu hadi mtu; damu ya mmoja haina ruhusa ya kumgusa mwingine.

Ziara ya kwanza

Usikubali kazi kwa simu. Nenda, piga hodi, amkia kwa daraja zake, na kabla hujazungumza bei na mtoto wa nyumba, kaa na mgonjwa. Hata kama ulimi umefungwa na kiharusi, mwamkie yeye kwanza: "Shikamoo bibi." Msikilize anavyotaka aitwe, anaogopa nini, anapenda kuoga saa ngapi. Mgonjwa ambaye hakushirikishwa atakukataa siku ya tatu, na atakuwa na haki.

Halafu zunguka nyumba kwa macho ya kazi. Choo kiko ndani au uani? Kuna ngazi? Kitanda kiko juu kiasi gani? Maji hutoka siku zote au mnahifadhi kwenye madumu? Nani analala na mgonjwa usiku? Dawa zinakaa wapi, na je, zipo za wagonjwa wawili kwenye kopo moja? Kadi ya kliniki iko wapi, na ya bima? Nyumba nyingi za Ngamiani ni za vyumba vya kupanga na uwanja mmoja, na mgonjwa wa kupooza hawezi kuvushwa uani kila haja. Hapo ndipo mtasema mapema juu ya kiti cha choo au beseni la kitandani.

Baada ya hapo, andikeni makubaliano. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, kwa Kiswahili, nakala mbili, sahihi zenu na shahidi mmoja. Yaandikwe: jina la mgonjwa na la anayelipa (mara nyingi ni watu wawili tofauti, na anayelipa yuko mbali); siku na saa za zamu; kazi zilizomo; kazi zisizomo, zikitajwa kwa majina, yaani kupikia familia, kufua nguo za wengine, kulea watoto, kuchota maji ya nyumba nzima; malipo, tarehe na njia ya kulipa; nani apigiwe kwanza ikitokea dharura na nani wa pili; mgonjwa akilazwa Bombo, zamu zinahamia wodini au zinasimama, na kwa bei gani; na siku ngapi za kuarifiana kabla ya kuachana. Mimi husisitiza siku 14, maana mzee haachwi ghafla, na mhudumu naye haachwi ghafla.

Wapo watakaoona haya ni kukosa imani. Waambie ukweli: kwenye nyumba yenye ndugu watano kila mmoja ana maagizo yake, na bila karatasi mhudumu anakuwa mpira wa kupigwa na kila mguu.

Dharura nayo ipangiwe siku hiyohiyo. Dereva wa bajaji wa jirani anayekubali kuamshwa usiku, namba yake ibandikwe ukutani; namba 199 ya Wizara ya Afya kwa ushauri bila malipo; na bahasha ya pesa ya usafiri iliyohesabiwa mbele ya mashahidi.

Bei

Usiulize "watu wanalipa shilingi ngapi." Anza na gharama zako. Tuseme unataka ubaki na 350,000 kwa mwezi. Nauli za daladala na bajaji 60,000, glovu na sabuni 30,000, simu na bando 15,000, mchango wa hifadhi ya jamii 30,000, akiba ya siku za kuumwa na za kukosa mteja 50,000, na ya kodi 15,000. Jumla ni 550,000. Ukiwa na nyumba mbili, moja asubuhi na moja jioni, siku 22, hizo ni zamu 44. Zamu moja ya saa tatu ni 12,500. Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako. Lakini hesabu ni hiyo, na familia ikisema ni ghali, punguza saa au kazi, usipunguze bei kwa kazi ileile. Na kwa mfano huo mauzo ya mwaka ni 6,600,000, kwa hiyo umeshapita ile milioni 4.

Pokea malipo kwa simu inapowezekana, kwa sababu ujumbe wa muamala ni ushahidi. Fedha taslimu andikia risiti. Pesa ya matumizi ya mgonjwa isichanganyike na yako hata kwa saa moja: iwe na mkoba wake na ukurasa wake, kila risiti ya duka la dawa ibandikwe. Usikope kwa mgonjwa, usipokee kanga wala pete bila ndugu kujua. Usiijue namba ya siri ya simu yake.

Daftari la mgonjwa

Hili ndilo litakalokutofautisha na wengine, kwa hiyo lipe dakika kumi za mwisho za kila zamu. Tarehe, saa ya kuingia. Ameamkaje. Presha, baada ya kupumzika dakika tano amekaa, mkono umeegemezwa usawa wa moyo. Alichokula na kiasi: si "amekula vizuri" bali "nusu bakuli la uji, samaki kipande, ndizi moja." Maji vikombe vingapi, kwa joto letu la Januari na Februari mzee asiyesikia kiu hukauka bila kulalamika. Mkojo na rangi yake, haja kubwa, ngozi, mara alizogeuzwa na saa. Dawa: jina kama lilivyo kwenye pakiti, saa, na nani aliyempa. Neno alilosema. Saa ya kutoka, jina lako.

Andika ulichoona, si unachodhani. "Mguu wa kushoto umevimba kuliko wa kulia, umeanza leo" humsaidia daktari; "nadhani ni figo" humtisha binti aliyeko Dar. Daftari likae nyumbani, na kila Ijumaa soma muhtasari kwa anayelipa. Picha usitume ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na hata bila sheria, mwili wa mama wa mtu si wa kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Kidonda kikihitaji kuonwa na daktari, omba ruhusa kwa mgonjwa, piga kidonda peke yake, tuma kwa mmoja aliyekubaliwa, kisha futa.

Sitara

Mwanamke aogeshwe na mwanamke, mwanamume na mwanamume, labda yeye mwenyewe aseme vingine. Kama jinsia haifanani, chukua kazi nyingine na umpendekezee mwenzako ya kuogesha. Unapoogesha, kanga moja ifunike sehemu usiyoiosha. Mlango ufungwe hata kama nyumbani mko wawili. Mwenye kuswali saidia kutawadha na kumwelekeza kibla kabla ya wakati, panga kugeuza na dawa kuzunguka swala. Anayekwenda kanisani mpangie zamu ya Jumapili mapema. Ramadhani ikikaribia, mwenye kisukari au dawa za presha aende kliniki aulizie funga yake kabla mwezi haujaandama. Wewe huna mamlaka ya kumwambia afunge wala asifunge.

Ukiona mzee ananyimwa chakula, anapigwa au anafungiwa, usinyamaze ili kulinda kazi. Andika ulichoona na tarehe, kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au dawati la jinsia polisi.

Mgonjwa akifariki

Kazi hii ina mwisho huo, na upangiwe kwenye makubaliano. Zamu zilizofanyika hulipwa, za mbele husimama. Kabidhi daftari, ufunguo, dawa zilizobaki na mkoba wa pesa kwa ndugu mmoja, mbele ya mwingine, na waweke sahihi. Shiriki msiba kama jirani. Deni lako liulize baada ya matanga kuanuliwa, kwa ujumbe wa maandishi, ukitaja zamu kwa tarehe. Jipe siku kadhaa kabla ya nyumba nyingine, maana utakuwa na majonzi pia.

Kujiwekea, na kutokuwa peke yako

NSSF hupokea waliojiajiri kama wanachama wa hiari; jiandikishe mwezi wa kwanza, kabla pesa haijazoea matumizi mengine. Bima ya afya ni ya lazima kwako mwenyewe, mgongo wa mhudumu huchoka kabla ya umri wake. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ulizia mapema, kwa kuwa utagusa damu.

Tafuta wahudumu wengine wawili watatu mnaoaminiana, mmoja Makorora, mmoja Mikanjuni, mmoja Raskazone, mkubaliane kushikiana zamu mtu akiugua. Mpeleke mwenzako akatambulishwe kwa mgonjwa mapema, siku ya kawaida, si siku ya homa yako. Mkifika watano mnaweza kusajili kikundi halmashauri na kuomba mkopo usio na riba unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Kitu cha kwanza cha kununua kwa mkopo huo, kwa maoni yangu, ni kitanda cha kupandisha na kushusha cha kukodisha kwa wagonjwa. Kitaingiza kodi kila mwezi, na kitaokoa mgongo wa kila mhudumu kwenye kikundi.